UPELE SI UCHAWI WALA SI AIBU

Katika maradhi ya ngozi yaliyo mengi kwetu, hapana yaliyo mepesi kuponyeka na mazito kutajwa kama upele. Mtu akishikwa na homa huwaambia majirani, na akiumwa na jino hulalamika barazani. Lakini akiwashwa usiku kucha hunyamaza, huvuta mikono ya kanzu ikafunika vifundo, na akiulizwa husema ni mbu. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Upele hauui upesi, walakini humuumbua mfichaji kwa njia nyingine. Huenea nyumba nzima, kisha mali ya nyumba ile huenda kwa waganga, na mwisho huingia chuki baina ya jamaa, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa ndiye aliyemfanyia vitu.

Basi katika somo hili twataka kubainisha jambo moja: kwamba upele ni maradhi yenye sababu ijulikanayo na dawa ijulikanayo, na kwamba haumtoki mtu mmoja mpaka utolewe katika nyumba nzima.

Upele ni nini?

Upele hauletwi na damu chafu, wala jini, wala jicho la hasidi. Huletwa na kidudu mdogo mno, wa jamii moja na utitiri wa kuku, ambaye urefu wake haufiki nusu ya milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu, kama fuko achimbavyo ardhini, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na wachanga hukua kwa muda wa kama wiki 2. Mtu mwenye upele wa kawaida huwa na vidudu kama 10 mpaka 15 tu. Mwasho wote ule ni mwili unaowakataa hao wachache, na mayai yao, na uchafu wao. Hupenda kukaa baina ya vidole, katika vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni na sehemu za siri. Na kwa watoto wachanga hata viganjani, nyayoni na kichwani.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya Wazungu peke yao. Tabibu Abu Marwan Ibn Zuhr, wa mji wa Ishbilia katika Andalusi, ambao leo ni Seville ya Uhispania, aliyefariki mwaka 1162, alikwisha kuandika habari ya kidudu atokaye chini ya ngozi inapochunwa, mdogo hata jicho lataabika kumwona. Baada ya miaka zaidi ya 500, mwaka 1687, tabibu Bonomo wa Italia alimtazama kwa darubini akamchora. Basi jambo lililojulikana kwa wanazuoni wetu tangu zamani zile, yafaa sisi leo tulinasibishe na mashetani?

Kwa nini watu hudanganyika?

Sababu kubwa ni hii. Mtu aambukizwaye upele mara ya kwanza hawashwi siku ile. Hupita wiki 4 mpaka 6 ngozi yake ikionekana safi, naye hulala kitanda kimoja na wenziwe, hupakata watoto, na huwaambukiza wala hajui.

Tazama yanayotokea. Mtoto arudi chuoni na upele. Mamaye ampaka dawa yeye peke yake, naye apona. Haupiti muda ila aanza kujikuna tena, kwa kuwa nduguze alalao nao wanao, ijapokuwa bado hawajawashwa. Na mara hii ya pili mwasho huja upesi, ndani ya siku 1 mpaka 4, kwani mwili umekwisha kuwajua vidudu wale. Hapo husemwa: "Dawa ya hospitali haifai, mtoto huyu amefanyiwa." Na kwa kuwa upele huwasha zaidi usiku, mganga hupata ushahidi wake: si jini ndiye ajaye usiku? Ndipo hutolewa jogoo, na ubani, na fedha za hirizi. Na huku vidudu wanaendelea kutaga.

Je, maradhi huambukiza?

Wapo wasemao kwamba kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, hapana maradhi ya kuambukiza, kwa hivyo hapana haja ya kujihadhari. Hawa wameshika nusu wakaacha nusu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikanusha itikadi ya watu wa ujahili kwamba maradhi yana nguvu kwa nafsi yake; lakini pia aliwakataza wenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na ngamia wazima. Na maradhi ya ngamia waliyokuwa wakiyazungumza ni upele huu huu. Basi kushika sababu si kuikimbia kadari, bali ni katika kuitii amri.

Na kwa aonaye haya kutaja mwasho, imethibiti kwamba Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam, nao ni katika Masahaba wakubwa, walipatwa na mwasho, Mtume akawaruhusu kuvaa hariri, iliyo haramu kwa wanaume, ili wapate nafuu. Ikiwa wao walisema, wewe wanyamaza kwa nini?

Namna ya kuutoa nyumbani

Kwanza: enda hospitali ukahakikishe. Dawa itumiwayo sana ni ya kupaka, iitwayo pemethrini ya asilimia 5; ipo pia ya benzili benzoeti, na ipo ya vidonge, ivamektini, ambayo hapewi mwenye mimba wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Kipimo cha mtoto mchanga na cha mama mjamzito kiulizwe kwa daktari.

Pili: watu wote wa nyumba wapakwe siku moja, awashwaye na asiyewashwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Tatu: pemethrini hupakwa mwili mzima tangu shingoni mpaka nyayoni, baina ya vidole na chini ya kucha, si pale pawashapo tu. Ikae saa 8 mpaka 14, ndipo mtu aoge. Akiosha mikono kwa udhu, airudie dawa mikononi. Baada ya wiki moja wapakwe tena.

Nne: nguo, mashuka na taulo zilizotumiwa siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe katika jua kali na kupigwa pasi. Isiyofulika ifungiwe sandukuni siku 3 bila kuguswa, kwani kidudu huyu akitengana na mwili wa mtu haishi zaidi ya siku 2 au 3.

Tano: jueni kwamba mwasho waweza kubaki wiki 2 mpaka 4 baada ya vidudu kufa. Si dalili kwamba dawa imeshindwa, wala si ruhusa ya kujipaka kila siku.

Wala msipake mafuta ya taa, wala dawa za kuulia wadudu wa shamba. Hizo huunguza ngozi na huwadhuru watoto. Na jihadharini na krimu za kuzima mwasho ziuzwazo madukani bila ya daktari: hutuliza kuwashwa na kuuficha upele, nao ukaendelea kuenea. Tena mkuno huchubua ngozi, uchafu ukaingia, pakawa na usaha. Na usaha huo kwa watoto huweza kuyadhuru hata mafigo.

Si kila kiwashacho ni upele. Harara huja kwa joto na jasho, ikaondoka kwa maji na upepo. Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, huwa duara lenye ukingo, nacho kina dawa yake. Ukurutu hutokea kwa ngozi kavu, hutaka mafuta na sabuni isiyo kali, wala hauambukizi. Ama baka lisilowasha, tena lililokufa ganzi, msilidharau hata siku moja: huenda likawa ni ukoma, nao hupona ukiwahiwa.

Enyi walimu wa vyuo, mtoto mwenye upele msimwite mchafu mbele ya wenziwe. Upele humpata aogaye na asiyeoga, kwani hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kulala pamoja. Shirika la Afya Duniani, lililoutia upele mwaka 2017 katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanao kwa wakati mmoja. Mtoto akifedheheshwa leo, kesho wenziwe wote wataficha. Mwiteni mzazi faraghani, mumweleze habari ya nyumba nzima. Na mtoto akisha kupakwa dawa usiku, kesho yake na arudi asome.

Na wewe uliyesoma haya, ukiwa wawashwa, usingoje Ijumaa ijayo. Wakusanye watu wa nyumbani kwako leo, uwaambie.