Ngome ya Mwili: Somo la Mambo Sita kwa Watu wa Nchi ya Dhahabu

Ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa somo letu hili ni juu ya kinga ya mwili, yaani ile nguvu aliyoumbiwa mwanadamu ya kuyapinga maradhi. Tumewaelekea hasa watu wa Segese katika Msalala, na jirani zao wa Kahama, Bulyanhulu, Nyarugusu na Rwamagasa, hata Geita. Sababu yake ni hii: nchi hiyo ni nchi ya dhahabu, na dhahabu haipatikani ila kwa kuvunja mwamba, mwamba ukivunjwa hutoa vumbi, na vumbi hilo, kama tutakavyobainisha, huwaua askari wa mwili mahali pale pale wanapolinda. Basi mtu wa machimbo alihitaji somo hili kuliko mtu mwingine.

KINGA NI KITU GANI

Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa Urusi, Élie Metchnikoff, alikuwa Messina katika kisiwa cha Sicily. Alichukua kiti cha pwani kichanga, ambacho mwili wake waonekana ndani kama kioo, akakichoma kwa mwiba. Kulipokucha alitazama kwa hadubini, akaona chembe hai zimeuzunguka ule mwiba zikitaka kuumeza. Akafahamu ya kuwa mwili una walinzi wao wenyewe. Kwa ilimu hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Walinzi hao kwetu sisi ni chembe nyeupe za damu. Mbele yao kuna ukuta, nao ni ngozi, na ute wa pua na koo, na maji makali ya tumboni. Nyuma yao kuna daftari, yaani kumbukumbu ya kila adui aliyekwisha kuingia, ili akirudi atambuliwe upesi. Ukuta, askari na daftari: hayo matatu kwa jumla ndiyo kinga.

Kwa hiyo usidanganyike na mwenye kuuza chupa mnadani akasema, "Dawa hii yaongeza kinga." Kinga si gunia, hata ijazwe kwa siku moja. Wala si kheri kwamba izidi mpaka: askari wakighadhibika pasipo adui huushambulia mwili wenyewe, na pumu ni mfano wake mmoja. Tunalolitaka ni kinga iliyo sawa, isiyopungukiwa na kitu wala kuuawa bure. Na jambo hilo hupatikana kwa desturi za kila siku.

Tabibu mashuhuri Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadhan mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba mambo sita ambayo hapana mtu awezaye kuepukana nayo, na kwa hayo siha husimama au huanguka: hewa, chakula na kinywaji, usingizi na kukesha, mwendo na mapumziko, kutoa na kuzuia, na hali za nafsi. Mpango huo asili yake ni kwa matabibu wa Kiyunani. Wao hawakujua habari za vijidudu, lakini mpango wao ungali watufaa, nasi tutaufuata huku tukitia ilimu ya leo.

LA KWANZA: HEWA

Hapa ndipo penye shina la somo letu. Dhahabu ya nchi hiyo aghalabu hukaa katika mishipa ya jiwe jeupe gumu, na vumbi la jiwe hilo lina silika. Punje zake nyingine ni ndogo hata jicho halizioni, nazo hufika mpaka mwisho wa mapafu. Askari wa mapafu huimeza punje akidhani ni kijidudu. Lakini jiwe haliyeyushwi. Askari hufa, punje hutoka, askari wa pili huimeza, naye hufa. Na mahali hapo pafu huota kovu. Maradhi hayo ya makovu huitwa silikosisi, wala hayana dawa ya kuyaondoa.

Sasa tazama ubaya wake. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza kukigundua huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, huzuiwa na askari wale wale. Wao wakiisha kuuawa na vumbi, mlango u wazi. Ndiyo sababu kifua kikuu huwapata wachimbaji kuliko watu wengine. Na hatari hiyo humfuata mtu miaka mingi hata baada ya kuacha machimbo, kwa kuwa punje zi ndani bado. Basi mtu anywe asali asubuhi na jioni, naye mchana kutwa yu penye karasha akivuta vumbi, ni kama mwenye kuajiri askari kwa mkono huu na kuwachinja kwa mkono wa pili.

Dawa ni kulizuia vumbi lisiruke. Jiwe na lilowanishwe kabla ya kupondwa na wakati wa kutoboa. Karasha isiwekwe karibu na nyumba. Mtu asimame upepo unakotoka. Na avae barakoa ya kuzuia vumbi, kwani kitambaa cha kichwani hakizuii zile punje ndogo. Nguo za kazini zivuliwe kabla ya kuingia nyumbani, wala zisikung'utwe mbele ya watoto. Mama aketiye kuponda mawe na mtoto mgongoni na ajue ya kuwa wanavuta wote wawili.

Kadhalika zebaki. Ikichomwa ili kuacha dhahabu, mvuke wake hauna harufu, nao hudhuru ubongo na mafigo, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Katika Mkataba wa Minamata uliofanywa Japani mwaka 2013, nao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, kuichoma zebaki penye makazi ya watu ni miongoni mwa mambo yaliyotakiwa yakomeshwe. Isichomwe jikoni abadan.

Na tumbaku? Mvutaji hujitia mwenyewe katika hatari ya kifua kikuu kiasi cha mara mbili ya asiyevuta. Mchimbaji avutaye sigara amejikusanyia hatari mbili katika kifua kimoja.

LA PILI: CHAKULA NA KINYWAJI

Askari halindi kwa njaa. Chembe za kinga hujengwa kwa protini, na kwa madini ya chuma na zinki, na kwa vitamini. Na ashukuriwe Mola, vyote hivyo havihitaji duka la mjini. Dagaa wa Ziwa Nyanza, maharage, choroko, karanga, mayai na maziwa ya mgando hujenga. Mchicha, majani ya kunde, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa huleta vitamini A, ambayo hulinda ngozi ya ndani ya pua, mapafu na matumbo; navyo vikipikwa kwa mafuta kidogo mwili huzipokea faida zake vizuri zaidi. Wazee wa Usukuma walikuwa na ugali wa mtama, na michembe, na mlenda. Desturi hiyo si ya kuonewa haya. Mwenye kupata dhahabu akaacha mboga akashika soda na chipsi, amepanda kwa fedha na kushuka kwa siha.

Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe. Sumukuvu iliyomo huua ini, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nayo pombe, licha ya hukumu yake iliyo mashuhuri kwa wasomaji wetu, hudhoofisha askari wa mapafu na kumzidishia mnywaji hatari ya kifua kikuu.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza, kwani humo hupokea silaha za mamaye hata apate zake.

LA TATU: USINGIZI NA KUKESHA

Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza habari ya watu 164 waliokubali kutiwa puani kirusi cha mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku waliugua kiasi cha mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Usingizi, basi, si uvivu. Ni wakati askari wanapopangwa upya. Mwenye zamu ya usiku duarani asiunganishe na kazi ya mchana kwa tamaa. Alale mahali penye giza na utulivu. Na alale ndani ya chandarua, kwani mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua na kuzaa mbu, na malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara humla damu na nguvu.

LA NNE: MWENDO NA MAPUMZIKO

Watu wa machimbo ni namna mbili. Yupo apigaye nyundo kutwa. Huyu asiambiwe kufanya mazoezi, bali apumzike na kunywa maji ya kutosha. Na yupo aketiye: mnunuzi wa dhahabu, mwenye duka, mwenye pikipiki. Huyu atembee kwa miguu hatua za haraka, zipate dakika 150 kwa juma, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani.

LA TANO: KUTOA NA KUZUIA

Watu wengi wakihamia mahali kwa ghafula, penye habari ya dhahabu mpya, vyoo huwa haba. Na kinyesi kikienda ovyo, kipindupindu na minyoo hufuata. Minyoo hula chakula cha askari. Basi choo kichimbwe kabla ya duara, na maji ya kunywa yachemshwe. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku ana desturi njema iliyokwisha kumshika. Lakini baada ya choo, na kabla ya kula au kumlisha mtoto, maji peke yake hayatoshi: na atie sabuni.

LA SITA: HALI ZA NAFSI

Hofu na huzuni za siku nyingi huutoa mwilini mchanganyiko wa homoni ambao huwalegeza askari. Na nani mwenye hofu kuliko mtu aliyekopa fedha za matimba na chakula, naye duara halijatoa kitu? Tiba yake ni kutokopa kupita kiasi, kuzungumza na wenzake wasiomcheka, na kushikamana na jamaa na jamaa ya msikiti wake. Upweke nao ni maradhi.

NYONGEZA: DAFTARI LA KINGA

Yako mambo mawili ambayo Ibn Sina hakuyajua. La kwanza ni chanjo, ambayo huliandikia daftari sura ya adui kabla hajaja. Ndui iliyokuwa ikiua mamilioni ilikomeshwa kwa chanjo: mtu wa mwisho aliyeipata kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Chanjo ya BCG, ambayo alipewa mtu kwanza mwaka 1921, humlinda mtoto na kifua kikuu kilicho kikali. Asinyimwe.

La pili ni virusi vya UKIMWI, ambavyo huwaua maamiri wenyewe wa askari. Mahali penye fedha za haraka na watu walio mbali na wake zao, aibu isimzuie mtu kupima. Dawa hutolewa bila malipo, na mwenye kuzinywa kwa utaratibu huishi na kulea wanawe.

MASUALA NA MAJIBU

Swali: Je, asali, tangawizi na habasoda hazitoshi?
Jawabu: Ni vyakula vyema, na mwenye kuvila asikatazwe. Lakini havizuii vumbi, wala havitibu kifua kikuu. Vivyo hivyo kujifukiza, ambako wengi walikushika mwaka 2020 wakati wa korona: mvuke hulegeza pua iliyoziba, lakini haujengi askari.

Swali: Nina kikohozi, nami nadhani ni vumbi tu. Nifanyeje?
Jawabu: Kikohozi kikipita majuma mawili, au ukitoka jasho la usiku, au ukikonda, au ukitema damu, nenda zahanati ukapimwe makohozi. Usingoje duara litoe. Kifua kikuu chapona, kwa kawaida kwa dawa za miezi 6, nazo ni bure. Na jua ya kuwa nchi yetu ina sifa katika jambo hili: tangu mwaka 1977 mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, kwa shauri la tabibu Karel Styblo, ulionyesha jinsi mgonjwa wa kijijini awezavyo kuponywa kwa kusimamiwa dawa zake, na baadaye ulimwengu mzima ukaufuata mfano huo.

Swali: Nikijisikia nafuu mwezi wa pili, niache dawa?
Jawabu: La, hasha. Ukiacha, vijidudu vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa, nawe huwapa wanao maradhi mabaya kuliko ya kwanza.

Basi, ndugu msomaji, haya tuliyoyataja hayana gharama kubwa: ndoo ya maji juu ya jiwe, sahani ya mboga, saa saba za usingizi, kipande cha sabuni, na safari moja ya zahanati. Anza na lile lililo karibu nawe leo, kisha msomee jirani yako asiyejua kusoma. Dhahabu iliyopotea ardhini yaweza kutafutwa mara ya pili. Pafu lililoota kovu halitafutwi. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.