Je, Kalamba Kuna Puma? Maswali na Majibu kwa Wafugaji

Mbuzi akiuawa usiku huku Kalamba, Ukambani, majina hutajwa mengi kabla ya kukagua nyayo. Haya ndiyo maswali ambayo wafugaji huuliza mara kwa mara.

Je, puma anaishi Kenya?

La. Porini, puma ni wa mabara ya Amerika pekee, kuanzia kaskazini mwa Kanada hadi kusini mwa Chile.

Mbona ana majina mengi hivyo?

Kwa sababu eneo lake ni pana na kila jamii ilimwita kivyake. "Puma" ni neno la Kikechua, lugha ya milima ya Andes. Wahispania walipomwona hana madoa, walimwita simba. Wamarekani wengi humwita simba wa milimani. Florida huitwa panther. Kwa Kiingereza pekee majina yake yanazidi 40. Wanasayansi wana moja tu: *Puma concolor*, yaani puma wa rangi moja. Hapa kwetu jamaa yake wa karibu zaidi ni duma, wala si simba.

Basi yule paka mwekundu asiye na madoa tunayemwona huku ni nani?

Yaelekea ni simbamangu. Mtazame masikio: yana vishungi vyeusi nchani. Ana uzito wa kilo 8 hadi 19 hivi, ilhali puma dume huweza kufika kilo 70 na zaidi. Huwinda sungura, digidigi na ndege, na mara nyingine hukamata mwanambuzi.

Na wenye madoa nitawatofautishaje?

Chui, ambaye Wakamba humwita *ngo*, ana madoa yaliyojipanga kama maua, mwili mnene na miguu mifupi. Huwinda zaidi usiku na hupenda vilima vyenye miamba. Duma ni mwembamba, ana madoa meusi ya mviringo na mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni; huwinda zaidi mchana. Mondo ni mdogo, mwenye miguu mirefu na masikio makubwa; chakula chake hasa ni panya. Kwenye nyayo, chui haachi alama za kucha. Duma, fisi na mbwa huziacha.

Jina sahihi lina faida gani kwangu?

Kubwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inawataja kwa majina wanyama ambao hasara yao inaweza kudaiwa fidia. Chui, duma, simba na fisi wamo. Ripoti inayosema "mnyama fulani" haina nguvu.

Nifanye nini asubuhi nikikuta mzoga?

Usiuguse. Zuia mbwa na watu wasikanyage nyayo. Piga picha ya nyayo ukiweka kiberiti kando ili ukubwa uonekane, kisha piga picha ya majeraha, hasa shingoni. Toa taarifa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) siku hiyohiyo. Usitie mzoga sumu: ni hatia, na itaua tai na mbwa wa jirani, huku chui akiweza kupona. Kisha ongeza miiba kwenye boma na ulifunike juu, maana chui ni hodari wa kupanda.