Kujiunga na Kikundi: Faida na Shida Zake

Mtu akishaambiwa ana virusi vya UKIMWI, sisi wauguzi humshauri atafute wenziwe. Hapa Pemba ipo jumuiya ya ZAPHA+, ya watu wenyewe wanaoishi na virusi. Faida tunaiona kwa macho: aliyekuwa akificha vidonge ndani ya debe la mchele hukuta wenziwe waliomeza dawa miaka mingi, wanalima karafuu na kulea watoto, naye hupata moyo.

Lakini kisiwa chetu ni kidogo. Ukionekana Chake Chake ukiingia kikundini, habari hufika Wete kabla yako. Wengine hukimbilia vikundi vya mbali, na nauli ikawamaliza. Tena wapo wanaogawiana vidonge. Hilo tunalikataza kabisa, kwani wote wawili hupungukiwa dozi na virusi huizoea dawa.

Basi kabla ya kujiunga, uliza: majina huandikwa wapi, na nani huyaona? Usiporidhika na jibu, usione haya kuondoka. Mshauri wa kliniki atakusikiliza faraghani, na dawa zako utaendelea kuzipata palepale.