Hoho Zetu na Ugonjwa Usio na Dawa

Mwaka huu sikuandikii juu ya ngeli wala methali. Nakuandikia juu ya pilipili hoho. Wanaosoma Kilimo watanisamehe nikikosea, na wasiokisoma wavumilie, kwa maana karo yangu ya muhula wa pili ilikuwa imepandwa katika shamba hilo.

Kwetu ni Bungoma, upande wa Chwele kwenye soko kubwa. Mama alipanda miche 200 nyuma ya nyumba. Wiki ya tano hivi, nikienda shule asubuhi, niliona majani ya miche kadhaa yamejikunja na kufanya mabaka ya kijani na manjano. Jirani akasema ati ni kijicho. Mwenye duka moja la dawa za kilimo akamuuzia mama dawa ya ukungu, na wiki iliyofuata akamuuzia nyingine. Pesa zikaenda, mabaka yakabaki.

Nikampelekea mwalimu wetu wa Kilimo jani moja ndani ya daftari. Akaligeuzageuza, akasema, "Huu si ukungu. Hii ni dalili ya virusi, na virusi vya mmea havina dawa ya kutibu."

Virusi ni nini hasa? Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku iliyougua kwa chujio linalozuia bakteria. Kumbe utomvu ule uliendelea kuambukiza mimea mizima! Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akakiita kitu hicho virusi. Na tumbaku ni jamaa wa pilipili, pamoja na nyanya, viazi, biringanya na mnavu.

Kirusi hakitafuni jani. Huingia ndani ya seli na kuilazimisha itengeneze virusi vingine badala ya kufanya kazi ya mmea. Umbijani hupungua, ndipo manjano hutokea. Jani lisilo na umbijani wa kutosha halipiki chakula cha kutosha; basi shina hudumaa, pingili huwa fupi, na maua hupukutika. Matunda yanayobaki ni machache, madogo, yamepinda, na mnunuzi wa Chwele hana haja ya kujua virusi ni nini, yeye huyaweka kando tu. Mmea ukishikwa ungali mchanga huenda usizae chochote cha kuuzwa. Ukishikwa baada ya kubeba matunda, hasara ni ndogo.

Sasa vinaenezwaje? Virusi vya batobato ya matango, ambavyo hushika aina zaidi ya 1,000 za mimea, hubebwa na vidukari. Kidukari akidunga jani gonjwa kwa sekunde chache tu, anaruka na kuambukiza jingine. Ukimpulizia dawa, kabla hajafa ameshamaliza kazi yake. Virusi vingine huletwa na thripi au nzi weupe. Vile vya tumbaku havingoji mdudu: hupita kwa mikono, visu, mbegu, hata kwa tumbaku ya kuvuta. Hapo nikamkumbuka babu, ambaye husokota tumbaku yake kisha huja kutusaidia kufunga miche kwenye vijiti! Ni kirusi kipi hasa kilichotuingilia, maabara tu ndiyo ingesema, nasi hatukuwa na pesa za maabara.

Wenzetu wa Kitale wanajua uchungu huu kwa upande wa mahindi. Ugonjwa ulioonekana Bomet mwaka 2011, ukaenea hata Tanzania na Uganda, hutokea virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja. Mahindi hukauka kabla ya kukomaa. Wakulima walishauriwa kung'oa mimea iliyougua na kubadilisha mazao.

Lakini kumwambia mama ang'oe hoho zenye maua si mchezo.

"Mwanangu, unang'oa karo yako mwenyewe?"

"Ndiyo mama, tukiiacha hii itaambukiza hiyo mingine."

Alinyamaza kwa muda, kisha akaanza yeye mwenyewe kung'oa. Siku hiyo tuling'oa 37, tukaichoma. Tukaondoa na mnavu uliojiotea kando ya shamba, ingawa ulikuwa mboga yetu. Babu akakubali kunawa mikono kwa sabuni, huku akinung'unika kwamba tumbaku yake imesingiziwa. Baadaye mingine 14 ilishikwa, nayo ikaenda motoni. Iliyosalia, 149, ikazaa. Tukapata zaidi ya nusu ya karo, na iliyobaki mama aliuza kuku. Nilikaa nyumbani siku nne tu.

Msimu huu miche yetu imelelewa chini ya neti yenye matundu madogo sana, na mama amezungushia shamba mistari mitatu ya mahindi, ili kidukari anayekuja aanze kudunga huko na kuacha virusi kwenye mahindi kabla ya kufika kwenye hoho. Babu bado ananawa. Bado ananung'unika.