Mafunzo Niliyopata Nikiwapima Wazee Mwendo

Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi ninaowapima ni wazee wa mwambao wa Tanga.

1. Usimuulize mzee kama anaweza. Baada ya "Shikamoo, bibi" na "Marahaba, mwanangu," utaambiwa "Sijambo, namshukuru Mungu," hata kama goti limevimba. Hiyo ni adabu yake. Mimi huuliza ya jana: nani alichota maji? Ulioga mwenyewe? Kuna aliyekushika mkono kizingitini? Orodha ya shughuli za kila siku aliyoitoa mtafiti Sidney Katz mwaka 1963 iko karibu na hayo: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani, kuzuia haja na kula.

2. Kiti, saa na mita 3 zinatosha kuanza. Mzee anainuka, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anaketi. Watafiti Podsiadlo na Richardson walikieleza kipimo hiki mwaka 1991. Sekunde 12 au zaidi huashiria hatari ya kuanguka, ila saa haioni kila kitu. Mimi hukazia macho pale anapogeuka: je, anapiga vihatua vingi, anatafuta ukuta? Na anapoketi, anashuka taratibu au anajibwaga? Avae viatu vyake vya kila siku, atembee na mkongojo wake, nami niwe karibu naye, upande ulio dhaifu.

3. Kiti kiwe imara, kisiwe kile cha plastiki kinachopinda miguu.

4. Maisha ya kwetu yako chini, na hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Bibi anakuna nazi kwenye mbuzi, anakula mkekani, anachuchumaa chooni, anasujudu. Nimewaona wanaofaulu vizuri kipimo cha kiti, kisha mkekani hawainuki mpaka washike mtu. Kwa hiyo huwaomba pia waketi chini na kuinuka, na huuliza: ulianza lini kuswali kitini? Jibu lake hunionyesha nguvu za mapaja zilianza kupungua lini. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza orodha ya shughuli inayolingana na maisha ya wazee wa pale, kwani ile ya Lawton na Brody ya mwaka 1969 inauliza mambo kama kutumia simu. Nadhani kila wilaya ingestahili juhudi kama hiyo.

5. Matokeo ni ya mzee kwanza. Watoto huuliza "Mama ana nini?" naye amekaa palepale, anasikia. Mimi humgeukia yeye, namtajia sekunde zake, kisha namuuliza miguu hii anataka imfikishe wapi. Wapo wanaotaka msikitini. Wapo wanaotaka kupanda daladala bila kuinuliwa na utingo, na kidato cha daladala kiko juu, kwa hiyo hao tunaanza na kupanda ngazi moja ya baraza, mkono mmoja ukiwa ukutani.