Mfupa wa Bandia na Maji ya Mwili

Watu wengi hudhani kwamba kitu kigumu kikitiwa mwilini badala ya mfupa, kazi imekwisha. Sivyo. Mwili wetu una maji mengi ya chumvi, yenye joto la nyuzi 37, na sote twajua msumari wa chuma ukikaa katika maji ya chumvi hupata kutu. Je, kitu kitakachokaa mwilini miaka mingi kifanywe kwa nini?

Metali iitwayo titaniamu haipati kutu kwa urahisi, kwa kuwa hufanya utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Tena yaweza kustahimili uzito wa mtu, lakini haifanani na mfupa. Haidroksiapatiti, kwa upande wake, ni kauri yenye kalisi na fosfati, karibu sawa na madini ya mifupa. Mfupa hukubali kushikamana nayo, ila yenyewe huvunjika upesi kama kikombe. Kwa hiyo wataalamu huchanganya unga wa vitu hivi viwili, wakaushindilia na kuuchoma kwa moto mkali, ili kila kimoja kisaidie udhaifu wa mwenzake.

Mchanganyiko huo hujaribiwa kwanza nje ya mwili. Mwaka 1990 Tadashi Kokubo na wenzake, huko Japani, walieleza maji ya kutengenezwa ambayo chumvi zake zakaribia zile za damu. Kipande hutiwa humo kwa majuma kadhaa, katika joto la mwili. Kauri huyeyuka kidogo ikatoa kalisi na fosfati. Kisha chembe hizo, pamoja na zile zilizokuwamo majini, hutanda juu ya kipande zikafanya ngozi nyembamba mfano wa madini ya mfupa. Hiyo ni dalili njema.

Lakini dalili hiyo haitoshi. Wakati wa kuchoma, titaniamu yaweza kuigeuza sehemu ya kauri kuwa fosfati nyingine ziyeyukazo upesi. Zikiyeyuka huacha vitundu, maji yakapenya mahali kauri na metali zinapokutana, na kipande kikapungua nguvu ndani kwa ndani. Zaidi ya hayo, maji yale hayana seli wala protini, wala hayabebi mzigo kama mguu wa mtu.

Basi mpimaji hana budi kuuliza mambo mawili: Je, ngozi imetanda? Na je, baada ya kukaa majini, nguvu imebaki kiasi gani? Akisahau la pili, atakayeumia ni mgonjwa, maana itambidi apasuliwe tena.