Skurubu Inayoyeyuka Mfupani na Kipimo cha Impedansi

Mwaka 1906 daktari wa Ubelgiji, Albin Lambotte, aliunga mfupa wa mguu kwa bamba la magnesiamu lililoshikizwa kwa misumari ya chuma. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Magnesiamu hutoa elektroni, maji huzipokea, haidrojeni hutoka. Gramu 1 tu huzalisha takriban lita 1 ya gesi. Kugusana na chuma kuliharakisha mambo.

Skurubu za magnesiamu zilizoidhinishwa Ulaya tangu 2013 huyeyuka polepole zaidi. Je, polepole kiasi gani? Maabara hulijibu swali hilo kwa impedansi: metali hutumbukizwa katika maji yenye chumvi kama za damu, hupewa volti ndogo inayopanda na kushuka, mara nyingi milivolti 10, na mkondo wa umeme hupimwa.

Ugumu ni kwamba magnesiamu haigeuki kuwa ayoni kwa hatua moja. Wanakemia wengi hueleza kuwa katikati huwapo umbo la muda, lililogandia juu ya uso wa metali, ingawa bado wanabishana ni umbo gani hasa. Mtikisiko wa haraka wa volti haulipi nafasi ya kubadilika. Volti ikipanda taratibu, pengine mzunguko mmoja kwa sekunde 100, umbo hilo huongezeka na mkondo huongezeka pamoja nalo. Kwenye mchoro, nusu duara ya kawaida hufuatwa na kitanzi kinachojikunja upande wa pili wa mstari. Epelboin na Keddam, watafiti wa Paris, walichambua mwaka 1970 athari hii ya maumbo yaliyogandia.

Anayeacha kupima kabla ya kitanzi hupata ukinzani mkubwa kuliko ule wa kweli, na huripoti kuwa skurubu itadumu kuliko itakavyodumu. Kishawishi cha kuacha ni kikubwa: upimaji wa polepole huchosha, na metali yenyewe hubadilika kazi ikiendelea.

Wodini, mwendo huo wa kuyeyuka huonekana kama gesi. Kivuli cheusi kuzunguka skurubu katika eksirei ya wiki za mwanzo huenda kikawa haidrojeni, wala si maambukizi. Hata hivyo homa, wekundu, usaha au maumivu yanayozidi humtaka mhudumu achunguze maambukizi bila kuchelewa. Mgonjwa naye aonyeshe kadi ya kipandikizi chake kabla picha haijasomwa.